Nitume wapi? Kujenga ukurasa wa mchango unaofunguka kwenye simu ya kila mtu

Ukurasa wangu wa kwanza wa kuchangisha ulikuwa mzuri hadi nikawa naufungua usiku kuutazama mwenyewe. Mandhari nyeusi, maandishi ya kijivu, picha kumi na mbili zinazopokezana kwa kuteleza. Nikausambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo saa mbili usiku. Haikufika saa tatu mama mdogo akanipigia kutoka Muheza: "Mwanangu, hicho kitu chako kinazunguka tu. Mimi nina elfu kumi yangu hapa, nitume wapi?"

Picha zile nilizipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja karibu MB 4. Mama mdogo, mwenye bando la siku, nilikuwa namtaka apakue MB 48 ili aone namba ya kutuma pesa, ambayo nayo nilikuwa nimeiweka chini kabisa, baada ya historia ya shule.

Tangu hapo nimejenga kurasa nyingine kadhaa za michango. Kazi yangu si hiyo, ni mapenzi tu. Haya ndiyo ninayoyafuata sasa, na mfano nitakaotumia ni ule ule wa kwanza, baada ya kuubomoa na kuuanza upya.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya kompyuta

Mchango ulikuwa wa vyoo vya wasichana katika shule ya msingi niliyosoma, wilayani Lushoto. Wanakijiji walikuwa wamepandisha boma la matundu sita hadi kwenye lenta kwa nguvu zao, likakaa misimu miwili ya mvua bila paa. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule ilikuwa na wasichana 214 na matundu manne yanayotumika. Yalihitajika 11. Hesabu hiyo ilifanya kazi kuliko aya zangu zote za "elimu ni ufunguo wa maisha".

Kwa hiyo kaa kwanza na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule na fundi. Kama ni jengo la shule ya serikali, mhandisi wa halmashauri lazima ajue, na makadirio atakayoyapitisha yeye ndiyo utakayoweka hadharani. Omba pia barua fupi yenye mhuri, inayosema mchango huu unajulikana na nani anausimamia. Utaipiga picha na kuiweka ukurasani. Walioko Kenya wakumbuke kwamba michango ya hadhara ina sheria yake, Sura ya 106, kwa hiyo harambee ya kuwaomba watu wasiokujua inaanzia ofisini.

Kisha vunja makadirio vipande vipande. Yetu, kwa bei za duka la pale mwaka ule, yalikuwa hivi:

Mabati 20 kwa 32,000: 640,000
Mbao za kupaulia: 310,000
Milango 6 kwa 120,000: 720,000
Masinki 6 ya kuchuchumaa kwa 35,000: 210,000
Saruji mifuko 30 kwa 17,000: 510,000
Simtanki la lita 3,000: 600,000
Gata na mabomba: 260,000
Fundi: 900,000
Usafiri: 250,000
Jumla: shilingi 4,400,000

Usiiache orodha hii kwenye daftari. Ndiyo moyo wa ukurasa. Ukimwambia mtu "changia kiasi chochote" anabaki anajiuliza kiasi gani kisichomtia aibu, na wakati anajiuliza simu inaita, anasahau. Mwambie mfuko wa saruji ni 17,000, atakutumia wa mifuko miwili. Wenzangu tuliomaliza darasa la saba mwaka mmoja walijikusanya wakanunua milango miwili, na mpaka leo wakikutana wanaiita "milango yetu".

Mstari wa usafiri usiuone haya. Wachangiaji wengi wamewahi kukaa kamati za harusi, wanajua vitu havitembei vyenyewe kutoka dukani. Bajeti isiyo na usafiri ndiyo inayowatia wasiwasi.

Hatua ya 2: Pesa ziingie wapi, na litokee jina gani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza watu.

Mara ya kwanza niliweka namba yangu mwenyewe. Namba ni yangu, naitumia miaka yote, lakini laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu. Mtu akiandika namba na kiasi, kabla hajathibitisha anaona jina. Akaona jina la mtu asiyemjua. Kesho yake nikawa na jumbe sita zinazofanana: "Mbona linatokea jina lingine?" Hao sita waliuliza. Waliofunga simu kimya sina idadi yao.

Na wako sahihi. Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Watu wamefundishwa na matapeli kusoma jina kabla ya kubonyeza moja.

Namna ninayoipendelea sasa ni akaunti ya benki ya shule au ya kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja, kwa wanaotuma kiasi kikubwa, pamoja na laini moja mpya kwa ajili ya mchango tu, iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina wa kamati. Kila Ijumaa kilichoingia kwenye laini kinahamishiwa benki, na karatasi ya benki inapigwa picha. Kama kikundi chenu kimesajiliwa, chukueni Lipa Namba, ambayo jina linalotokea ni la kikundi. Kwa walio Kenya, Paybill ina faida moja ambayo wengi hawaitumii: pale kwenye namba ya akaunti, mwambie mchangiaji aandike jina lake. Orodha yako inajiandika yenyewe.

Kisha andika ukurasani, chini ya namba, mstari huu: "Litatokea jina la fulani, ambaye ni mweka hazina wa kamati." Ongeza: "Namba ni hii moja tu, haitabadilika. Ukipokea namba nyingine, si sisi."

Ndugu walio nje watakuletea maswali yao. Binamu yangu wa Leicester aliuliza kuhusu Gift Aid, ile nyongeza ya peni 25 kwa kila pauni. Hiyo ni kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa na mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, siyo kwa kamati ya shule ya kijijini. Wa Muscat akapendekeza GoFundMe, ile tovuti ya kuchangisha, lakini mpaka naandika haya Tanzania na Kenya hazimo kwenye nchi ambako mwenye kuchangisha anaweza kupokea pesa zake. Wote wawili wakaishia kutuma kwenye simu kwa programu za kutuma pesa walizozizoea. Angalizo: pesa za namna hiyo mara nyingi huingia kwa jina la kampuni iliyozituma, kwa hiyo waombe wakutumie ujumbe baada ya kutuma, la sivyo utakuwa na laki mbili zisizo na mwenyewe.

Hatua ya 3: Maneno, halafu picha moja

Andika ukurasa mzima kwenye karatasi kwanza. Maneno 200 yanatosha. Mpangilio wangu ni huu: sentensi moja ya tatizo, kiasi kinachotakiwa na kilichopatikana, namba ya kutuma na jina litakalotokea, orodha ya vitu na bei, barua, majina ya waliochanga. Historia ya shule, kama huwezi kuiacha, iende mwisho kabisa. Ukiona mkono unataka kuanza na "haba na haba hujaza kibaba", uzuie. Kila kadi ya mchango nchini imeandikwa hivyo.

Sentensi yetu ya kwanza ilikuwa: "Wasichana 214 wanatumia matundu manne ya choo; tunamalizia mengine sita." Mama mdogo nilimsomea kwenye simu. Akasema, "Eeh, sasa nimekuelewa." Ya awali nilikuwa nimeanza na jina la mradi.

Picha nilizoletewa na mwalimu zilikuwa za wasichana wamepanga foleni nje ya choo, nyuso zote zinaonekana. Sikuziweka. Mtoto wa darasa la nne hajaomba picha yake akisubiri choo izunguke kwenye simu za watu, na tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya wanayo ya kwao tangu 2019. Badala yake niliomba picha ya boma lenyewe, iliyopigwa kutoka ndani: kuta nne, mbingu juu, na mbarika umeota mahali pa sinki, umefika kimo cha mtu. Mbarika ule ndio ulioomba mchango.

Hatua ya 4: Kujenga

Faili moja la HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za mtandao. Huhitaji WordPress wala templeti ya kununua. Lipe jina index.html, liandike hata kwenye programu ya maandishi ya kawaida ya kompyuta. Mambo machache ndiyo yanayoamua kama litafaa.

Kwanza, mstari huu uwepo kwenye kichwa cha faili (sehemu ya head), la sivyo simu itaonyesha ukurasa mdogo kama gazeti lililotazamwa kutoka ghorofani:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Pili, maandishi meusi juu ya nyeupe. Najua, haivutii. Lakini mtu anasoma juani kituoni, mwanga wa simu ameupunguza kuokoa chaji, na kijivu changu juu ya nyeusi hakikusomeka hata kwangu nilipotoka nje nacho. Ukubwa wa herufi usipungue pikseli 16, na tumia herufi ambazo simu tayari inazo. Kila aina ya herufi unayoivuta kutoka kwingine ni mzigo mwingine wa kupakua.

Tatu, picha. Ile ya boma niliipunguza upana hadi pikseli 800 na kuibana kwa Squoosh, ambayo ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Ilishuka kutoka MB 4 hadi kilobaiti 90, na macho yangu hayakuona tofauti kwenye simu. Barua yenye mhuri iweke kama kiungo cha kubonyeza, ili anayeitaka ndiye aipakue.

Nne, kipimo cha maendeleo. Watu wanahangaika na programu za kuongezea, wakati HTML yenyewe inacho:

<progress value="1870000" max="4400000"></progress>

Chini yake andika kwa maneno: "Zimepatikana 1,870,000 kati ya 4,400,000, hadi jana saa mbili usiku." Hiyo saa ni muhimu kuliko rangi ya kipimo. Aliyetuma asubuhi asipojiona ataelewa kwamba hesabu bado haijafika kwake.

Tano, namba. Iandike kwa herufi za kawaida, siyo ndani ya picha, ili mtu aweze kuinakili. Weka kitufe cha "Nakili namba". Ni mistari mitatu ya JavaScript, lugha inayokipa kitufe kazi, na itafanya kazi tu kama anwani yako inaanza na https. Unaweza pia kuweka kiungo kinachofungua menyu ya pesa moja kwa moja. Kwa M-Pesa ya Tanzania kinaandikwa tel:*150*00%23, ambapo %23 ni alama ya reli (#). Ukiiandika reli yenyewe simu inaweza kuikata. Kwenye Android kinafunguka vizuri. iPhone inakataa viungo vya simu vyenye nyota na reli, kwa hiyo chini yake andika tu "au piga *150*00#", na mitandao mingine hivyo hivyo: *150*01# kwa Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, na *150*60# kwa Airtel Money.

Weka na kiungo cha WhatsApp cha mtu wa kuulizwa. Kinaanza na wa.me/255 kisha namba bila sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha. Makosa ya sifuri hiyo nimeyaona kwenye kurasa nyingi, na mwenye ukurasa anashangaa mbona hakuna anayeuliza.

Pa kuuweka ukurasa: GitHub Pages, Netlify au Cloudflare Pages, zote zina nafasi ya bure na https tayari. Kuhusu domeni, yaani anwani yako mwenyewe ya kununua, wengi hawatakubaliana nami: kwa mchango wa miezi miwili usinunue. Watu wanamwamini aliyewatumia kiungo zaidi ya anwani yenyewe. Na domeni uliyoiacha ikaisha muda inaweza kununuliwa na mtu mwingine, akaweka ukurasa unaofanana na wako, na namba yake. Taasisi ya kudumu ndiyo inayostahili .or.tz au .or.ke, na mtu wa kuilipia kila mwaka. Na ukitaka kuugeuza ukurasa kuwa blogu ya habari, Tanzania kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. Leseni inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Hatua ya 5: Sura yake ndani ya WhatsApp

Kabla mtu hajafungua ukurasa wako anaona kile kisanduku kidogo cha WhatsApp: picha, kichwa cha habari, mstari mmoja. Usipokitayarisha kinatokea kiungo kitupu chenye herufi za ajabu, sura ile ile ya viungo vya "umeshinda bando la bure". Kwenye kichwa cha faili ongeza lebo tatu za meta: og:title (kichwa cha habari), og:description (ule mstari) na og:image (picha). Picha iwe na upana wa pikseli 1200 kwa kimo cha 630, isizidi kilobaiti 300, na anwani yake iandikwe kamili kuanzia https.

Jitumie mwenyewe kwanza. WhatsApp hukumbuka sura iliyoiona mara ya kwanza. Ukikosea ukarekebisha, ongeza ?v=2 mwisho wa kiungo ili iione upya.

Halafu jaribio la mwisho, ambalo ndilo kubwa: mpe simu yenye bando dogo mtu asiyejua unachofanya, mwambie "tuma elfu moja", ukae kimya. Usimwelekeze. Angalia kidole chake kinakwama wapi. Mimi nilimpa fundi baiskeli wa jirani. Alibonyeza ile picha ya mbarika mara nne akidhani ni kitufe. Nikaigeuza: ukiibonyeza sasa inakushusha kwenye namba.

Hatua ya 6: Kusambaza na kuhesabu

Usiutume kwenye makundi yote siku moja. Anza na watu kumi ambao umeongea nao kwa simu na wamekubali kutangulia. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kwenye orodha tupu. Tarehe nazo zina maana: mishahara huingia mwisho wa mwezi, na Januari ni mwezi wa ada, achana nao.

Majina yaandike vile wenyewe wanavyotaka. Uliza, "Uandikwe nani?" Kuna atakayesema jina kamili, kuna Mama Zuwena, kuna "Mdau", na wapo wanaotoa sadaka na hawataki mkono wa kushoto ujue. Nilikuwa naandika majina na viwango. Nikaviondoa viwango baada ya mzee mmoja aliyetoa elfu mbili kuniomba nimfute, kwa sababu jina lake lilikaa chini ya mtu wa laki tatu. Sasa ni majina tu, kwa mpangilio wa kuingia.

Ahadi usizihesabu. Kamati za harusi zinajua ahadi zinavyokauka. Kwenye kipimo kinaingia kilichoingia kwenye simu, na katika hicho ondoa makato ya kuhamishia benki, uyaandike kama mstari wake. Wengine watakutumia "na ya kutolea" juu yake bila kuombwa. Waandikie asante.

Kila jioni nilibadili mambo mawili tu kwenye faili: tarakimu ya kipimo na majina mapya. Dakika tano. Siku mbili nilizoruka, watu waliuliza kama mchango umekufa.

Hatua ya 7: Risiti, na kufunga

Wiki ya pili ya ujenzi mabati yalipanda, kutoka 32,000 hadi 34,500. Kwa mabati 20 ni pungufu la 50,000. Nilipata hamu ya kulifunika kwa pesa yangu nisiulizwe. Nikaliandika, na picha ya risiti pembeni yake, jioni ile ile. Waliojibu walikuwa watatu, na mmoja wao ni yule mzee wa elfu mbili.

Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zipige picha siku ile ile, wino wake hufifia. Duka lisilo na mashine, andikia karatasi, mwenye duka atie saini. Kila kipande cha orodha ya hatua ya 1 kinapokamilika, badala ya bei yake weka picha ya kitu chenyewe kikiwa mahali pake: mlango ukiwa kwenye bawaba, simtanki likiwa juu ya msingi.

Jengo likikamilika, ondoa namba ukurasani siku ile ile, andika "Mchango umefungwa" juu kabisa, na ukurasa uuache hewani na risiti zake. Namba iondoe kweli kweli, pamoja na ile iliyojificha kwenye kitufe cha kunakili. Mimi niliisahau hiyo ya kitufe. Miezi saba baadaye mweka hazina akanipigia: imeingia 10,000 kutoka kwa mtu tusiyemjua, aliyetumiwa kiungo cha zamani kwenye kundi la kanisa huko Dodoma. Tulimpigia, tukamweleza kwamba vyoo vimekwisha, tumrudishie? Akauliza kama sabuni ya kunawia ipo. Haikuwepo.